Elimu ya Bima Twailipia: Nasi Tuulizwe



Katika gazeti hili tumezoea kusema habari za mishahara, likizo, na watu kufutwa kazi bila ilani. Leo twataka kusema neno juu ya jambo ambalo wengi hudhani si letu, nalo ni mafunzo ya watu wanaofanya kazi ya bima. Mfanyakazi wa chumvi kule Gongoni atauliza, "Mimi nina nini na masomo ya karani wa bima?" Twamwomba asome mpaka mwisho, kisha aamue mwenyewe kama jambo hili halimhusu.

Tuanze na karatasi ndogo. Mwenye matatu au gari lolote akienda kulipa bima hupewa karatasi ya hesabu. Juu huandikwa malipo ya bima yenyewe. Chini yake ipo mistari midogo ambayo watu hawaisomi. Mmoja ni ushuru wa mafunzo, asilimia 0.2 ya malipo. Mwingine ni wa Mfuko wa Fidia ya Wenye Bima, asilimia 0.25. Na mwingine ni wa stempu, shilingi 40. Sisi leo twasema habari za ule mstari wa mafunzo.

Asilimia 0.2 ni kitu kidogo. Kwa bima ya shilingi 10,000 ni shilingi 20, na kwa bima ya shilingi 50,000 ni shilingi 100. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki watiaji wake ni wengi. Matatu ya Malindi kwenda Mombasa imetia. Lori la chumvi la Marereni limetia. Gari la kuchukua wageni wa hoteli Watamu limetia, na lori la katani la Vipingo limetia. Wala tusidhani kwamba kampuni ya bima ndiyo inayotoa fedha hizo mfukoni mwake. Hutolewa na yule anayelipa bima, naye huzipata kwa jasho la dereva, utingo na kuli.

Fedha hizo huenda kwenye Amana ya Mafunzo na Elimu ya Bima, ambayo ndiyo yenye Chuo cha Bima kilichoko South C, Nairobi. Hatuna ugomvi na chuo kile. Wamepita hapo makarani na mawakala wengi wa nchi hii, na kila anayetaka kuwa wakala wa bima hana budi kufaulu mtihani wa cheti cha ustadi kabla Mamlaka ya Kusimamia Bima haijampa leseni. Hiyo ni sheria njema. Mtu hapewi gari aendeshe bila kujifunza, wala hafai kupewa maisha na mali za watu bila kujifunza.

Neno letu ni hili: sisi tunaolipia elimu hiyo hatujaulizwa inafaa kufunzwa nini, wala inafaa kufunzwa wapi, wala kwa lugha gani. Na hasara ya kutoulizwa hutupata sisi.

Tutoe mfano wa jambo lililopita mikononi mwetu. Mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina wala mahali alipokuwa akifanya kazi, alikatwa vidole viwili na mashine. Mwenye kazi alikuwa na bima ya wafanyakazi wake, na hati yake ilikuwa hai. Karani wa kampuni akampigia simu wakala aliyewauzia bima. Wakala akajibu kwamba amesikia, na kwamba atawaarifu wakubwa wake. Hapakujazwa fomu yoyote. Mwenzetu akapewa fedha za dawa na mshahara wa majuma mawili, akaambiwa mambo yamekwisha. Naye akaamini, maana aliyemwambia ni mtu wa ofisini mwenye kalamu.

Alipokuja kwetu ulikuwa mwezi wa 11 tangu aumie, na alikuja kwa habari nyingine kabisa. Tulipouona mkono wake tukamwuliza. Ndipo tukaanza kukimbia. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mwenye kazi lazima amwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7 tangu apate habari za ajali, na kwamba madai ya fidia yawekwe katika miezi 12 tangu siku ya ajali. Madai ya mwenzetu yaliingia siku chache tu kabla ya mwaka kwisha. Kama angalikawia kuja, angalibaki na makovu yake bila fidia.

Baadaye tulimwendea yule wakala, nasi tulikwenda kwa hasira. Akatujibu kwa unyenyekevu maneno ambayo hatujayasahau: "Ndugu zangu, mimi nilifunzwa kuuza. Mtu akiumia hufanywa nini, hilo sikufunzwa na mtu." Hasira zetu zikapoa. Tulifahamu kwamba yule naye ni mfanyakazi kama sisi. Halipwi mshahara wa mwezi, hula kwa asilimia ya anachouza, na siku asipouza hali. Aliyemtuma aliona faida ya kumfunza kuuza, hakuona faida ya kumfunza kulipa.

Hebu tupige hesabu tujue ni nini kilichokuwa karibu kupotea. Kwa sheria hiyo, mtu aliyepoteza uwezo wake wote wa kufanya kazi hupewa mishahara ya miezi 96. Aliyepoteza sehemu hupewa sehemu. Tuseme mtu anapata shilingi 15,000 kwa mwezi, na daktari amempima akasema amepoteza asilimia 10. Mishahara ya miezi 96 ni shilingi 1,440,000. Asilimia 10 yake ni shilingi 144,000. Kwa mtu wa Mambrui au Kaloleni hizo ni fedha za kuanza maisha mengine. Ni mashine ya kushona, au ng'ombe wawili, au karo ya mtoto miaka kadhaa. Na zote zilitaka kupotea kwa sababu watu wawili, karani na wakala, hawakujua fomu gani ijazwe wala ipelekwe wapi.

Basi mtu wa Gongoni aliyeuliza ana nini na masomo ya karani wa bima, hilo ndilo jibu lake.

Yafaa pia tufahamu kwamba kazi hii haisomwi mara moja ikaisha. Sheria hiyohiyo ya mwaka 2007 ilipelekwa mahakamani, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikatangua baadhi ya vifungu vyake. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikavirudisha vingi katika hivyo. Mwezi Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakata neno la mwisho kwamba madai ya kuumia kazini yaanze kwa Mkurugenzi, wala si mahakamani. Miaka kumi na zaidi wafanyakazi walikuwa hawajui waende mlango upi. Karani aliyesoma mwaka 2008 asifungue kitabu tena, leo atakupoteza njia huku akiamini anakusaidia.

Na mambo mengine yamebadilika. Hati ya bima ya gari, ambayo zamani ilikuwa kazi ya karatasi na muhuri, sasa hutolewa kwa kompyuta. Tangu tarehe 1 Januari 2023 makampuni yanafuata kanuni mpya za dunia nzima za kuandika hesabu za mikataba ya bima, nazo ni ngumu hata kwa wahasibu wazoefu. Mwaka 2011 ilianza Kenya kampuni ya kwanza ya bima ya kufuata sheria ya Kiislamu, yaani takaful, ambayo washiriki wake huchangiana mfuko badala ya kuuziana hatari. Hapa pwani penye Waislamu wengi, wapo watu waliokataa bima maisha yao yote kwa kuchelea riba na bahati nasibu. Mtu kama huyo akimwuliza wakala, "Hii takaful ina tofauti gani na ile nyingine?" apaswa kujibiwa na mtu anayejua, asije akajibiwa na mtu anayetaka kuuza tu.

Kwa hiyo twakubali kwamba mafunzo ni lazima, na tena ni lazima yaendelee siku zote. Shida yetu ni safari ya elimu hiyo, maana haijafika kwetu.

Bima si kitu kigeni kwa pwani hii. Kampuni ya Jubilee, ambayo leo ina jina Afrika Mashariki nzima, ilianzishwa Mombasa mwaka 1937. Lakini siku zile za ukoloni elimu yenyewe ilikaa Uingereza. Chama cha wataalamu wa bima cha London, ambacho asili yake ni mwaka 1897 na kikapewa hati ya mfalme mwaka 1912, ndicho kilichokuwa kikitazamwa na kila karani wa makoloni aliyetaka kuitwa mtaalamu.

Baada ya uhuru serikali iliona kwamba nchi haiwezi kujitawala huku hatari zake zikipimwa na wengine. Mwaka 1964 ikaanzishwa Kenya National Assurance, na mwaka 1970 ikapitishwa sheria ya shirika la Kenya Re, lililoanza kazi mwaka 1971. Sheria kubwa ya bima ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1987, na Mamlaka ya Kusimamia Bima ikafuata kwa sheria ya mwaka 2006. Chuo nacho kikajengwa Nairobi. Hivyo kitabu cha bima kilitoka London kikafika Nairobi, na twashukuru. Lakini toka Nairobi mpaka Malindi ni kilomita kama 600, na safari hiyo kitabu hakijaimaliza. Tusiambiwe kwamba siku hizi masomo hupatikana kwa simu. Simu ni jambo jema, lakini si kila wakala wa Marereni ana fedha za kununua mtandao wa kusoma saa tatu kila usiku, wala simu haimjibu mtu anapokwama.

Tukumbuke pia kwamba kampuni ya bima ikiendeshwa vibaya, wanaoumia kwanza ni wanyonge. Ile Kenya National Assurance ilifungwa mwaka 1996. United Insurance ikaingia mikononi mwa msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Kila mara waliokaa nje ya mlango walikuwa watu wa aina mbili: makarani waliopoteza kazi, na majeruhi waliosubiri fidia. Hatusemi kwamba masomo peke yake yangaliziokoa kampuni hizo. Twasema kwamba karani ajuaye kusoma hesabu za kazi yake huona ufa mapema, na akiwa na chama nyuma yake huweza kusema.

Sasa tuje kwenye jambo la utafiti. Twajua kwamba katika kazi hii hufanywa uchunguzi wa kutaka kujua ni ustadi gani unaopungua. Ni jambo la akili, maana mtu hanunui dawa kabla ya kujua ugonjwa. Lakini uchunguzi wa namna hiyo, hapa na katika nchi nyingine, mara nyingi huanza na kwisha kwa meneja. Meneja huulizwa, naye hujibu kwa namna anavyoona kutoka kwenye kiti chake. Atasema wanatakiwa wataalamu wa hesabu za bima, wanatakiwa wajuzi wa kompyuta, wanatakiwa watu wa hizo kanuni mpya za hesabu. Asemayo ni kweli, wala hatuyapingi. Ila kiti chake hakioni dirisha la mbele la ofisi ndogo ya Malindi, ambako mama wa Kigiriama amesimama na cheti cha kifo cha mumewe, na karani wa miaka 22 hajui amwambie nini.

Karani yule angaliulizwa, angalisema: "Nifunzeni kushughulikia madai. Nifunzeni sheria ya kazi. Nifunzeni maneno ya Kiswahili ya mambo haya, maana mimi nimeyasoma kwa Kiingereza na huyu mama hakisikii." Na mama angaliulizwa, angalisema zaidi.

Wako watu waliojaribu kufanya vingine. Afrika ya Kusini ilipitisha sheria ya kukuza ustadi mwaka 1998, na mwaka 1999 ikapitisha sheria ya ushuru wake, kwamba mwenye kazi alipe asilimia 1 ya mishahara yote anayolipa. Mwaka 2000 zikaundwa mamlaka za mafunzo za kila namna ya kazi, na ya bima huitwa INSETA. Kazi yake mojawapo ni kufanya utafiti na kutoa mpango wa ustadi wa kazi ya bima. Lakini tazameni jambo hili: katika baraza la mamlaka hizo vyama vya wafanyakazi vimepewa viti kwa sheria, sawasawa na waajiri. Hatusemi kwamba huko mambo yote ni asali. Zipo lawama nyingi juu ya mamlaka hizo, na magazeti ya kwao yamezieleza. Lakini mfanyakazi wa kule akilalamika, hulalamika akiwa ndani ya nyumba.

Na hapa kwetu tusiseme kwamba kuuliza wafanyakazi hakuwezekani. Mwaka 2005 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara juu ya viwanda vya chumvi vya Malindi, na taarifa yake ikatoka mwaka 2006. Watu wa kawaida walitoa ushahidi juu ya kazi zao, ardhi yao na maji yao. Kama mambo ya chumvi yaliweza kuulizwa kwa wenyewe, mambo ya bima ya watu wa chumvi yawezaje kushindikana?

Twajua tutajibiwa nini. Kwanza tutaambiwa kwamba pwani hakuna biashara ya kutosha ya bima, kwa hiyo haifai kupeleka walimu. Jibu letu ni kwamba maneno hayo yametanguliza mkokoteni mbele ya punda. Katika Kenya nzima, kwa miaka ya karibuni, malipo yote ya bima hayajafika asilimia 3 ya pato la taifa. Watu hawanunui kwa sababu hawaielewi, na hawaielewi kwa sababu hakuna wa kuwaeleza. Mvuvi wa Ngomeni ajua hatari kuliko bwana yeyote wa bima. Ameona kusi ikivunja mashua. Vyama vya kufa na kuzikana vimejaa katika kila kijiji chetu, watu wakichanga kila mwezi ili mmoja akifikwa asiwe peke yake. Hiyo ndiyo maana ya bima. Kinachopungua ni mtu wa kuwaonyesha kwamba hili na lile ni jamaa, na kuwaambia kwa haki yanapotofautiana.

Pili tutaambiwa kwamba kampuni ikimfunza karani, kesho huhamia kampuni nyingine yenye mshahara mzuri, na fedha za kampuni ya kwanza zikapotea. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu ushuru wa mafunzo ukawekwa wa wote, ili asiwepo mmoja anayefunza na mwingine anayevuna. Tena uko ushuru mwingine: kila mwenye kazi apaswa kulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi aliye naye, kwa ajili ya Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, yaani NITA. Kwa mwaka ni shilingi 600 kwa kila kichwa. Fedha hizo ni za mwenye kazi, haifai zikatwe katika mshahara wa mtu. Na mwenye kazi aliyelipa na akafunza watu wake kwa utaratibu uliowekwa aweza kuomba arudishiwe gharama. Mwanachama, mwulize mwajiri wako: je, umelipa? Je, umeomba? Na kama umeomba, nani amefunzwa?

Basi twataka nini? Twataka mambo manne, nayo tutayasema waziwazi.

La kwanza, hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Itangazwe kila mwaka, kwa lugha ya watu, kwamba ushuru wa mafunzo ulileta kiasi gani, ulitumika kwa nini, na watu wangapi wa kaunti ya Kilifi walifunzwa kwa fedha hizo. Hatumshtaki mtu kwa wizi. Twasema anayelipa ana haki ya kuona daftari.

La pili, masomo yaje huku. Pwani University iko Kilifi mjini, na imekuwa chuo kikuu kamili tangu mwaka 2013. Vipo vyuo vya ufundi katika kaunti. NITA ina kituo Mombasa. Majumba yapo, na mwalimu wa kutoka Nairobi au Mombasa aweza kuja majuma machache kwa mwaka. Masomo yawe ya jioni na ya mwisho wa juma, na ya hoteli yawekwe miezi ile wageni wanapopungua, ili asizuiliwe mtu aliye kazini.

La tatu, Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini hati nyingi za bima tunazoletewa na wanachama zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu na herufi ndogo. Mtu hutia sahihi jambo asilolijua, na siku ya madai huonyeshwa kifungu cha ukurasa wa tisa. Wakala asiyeweza kueleza kwa Kiswahili maana ya msamaha wa hatari, au maana ya sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hujibebea mwenyewe, hajamaliza masomo yake, hata akiwa na vyeti ukuta mzima.

La nne, kiti. Utafiti wa ustadi ukifanywa, vyama vya wafanyakazi viwemo tangu maswali yanapoandikwa. Chama cha wafanyakazi wa benki, bima na fedha kipo, na hao ndio wenye makarani. Vyama vya hoteli, mashamba na viwanda navyo vipo, na hao ndio wenye watu wanaoumia. Wote waulizwe. Tena atakayesoma apate faida ya kusoma kwake. Karani akifaulu mtihani, jambo hilo lionekane katika daraja na mshahara wake, liandikwe katika mkataba wa pamoja, lisiachwe kwa hisani ya meneja.

Baada ya kuwadai wengine, haki yatutaka tujidai na sisi. Vyama vya wafanyakazi vya Afrika havikungoja kufunzwa na waajiri. Mwaka 1958 vyama huru vya dunia vilifungua chuo cha wafanyakazi wa Afrika mjini Kampala, na makatibu wa vyama kutoka nchi nyingi walikwenda kusoma huko. Tom Mboya mwenyewe, akiwa tayari kiongozi mkubwa wa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kenya, aliondoka mwaka 1955 akaenda Chuo cha Ruskin, Oxford, akasoma mwaka mmoja. Hakuona haya kukaa darasani. Chuo chenye jina lake kiko Kisumu hata leo. Basi sisi wa leo tuna udhuru gani?

Kwa hiyo twashauri kila tawi la Malindi na Kilifi lichague mjumbe mmoja katika kila mahali pa kazi, kazi yake iwe kujua mambo ya bima ya wafanyakazi. Ajue kampuni gani imemkatia bima mwenye kazi, na hati yaisha lini. Ajue zile siku 7 na ile miezi 12. Ajue kwamba madai yakisha kuwekwa mbele ya mwenye kazi au kampuni ya bima, sheria imewapa siku 90 kuyalipa. Hayo si mambo ya kusomea miaka mitatu. Ni mambo ya jioni mbili, daftari na kalamu. Na mtu akiumia, mjumbe huyo ndiye atakayeandika tarehe, saa, mahali na majina ya walioshuhudia, kabla damu haijaoshwa na kabla maneno hayajageuka.

Nanyi ndugu zetu makarani na mawakala wa bima, msidhani tumewaandika ili tuwaaibishe. Yule wakala aliyetuambia ukweli sasa ni rafiki wa ofisi yetu. Mara mbili amekuja jioni kutusaidia kusoma hati, nasi tukamsomea sheria ya kazi. Kila mmoja alimfunza mwenzake alichokuwa nacho. Kama mtu mmoja wa kuuza na watu wachache wa chama waliweza kufanya hivyo kwa chai na mahamri, mfuko uliojazwa na magari ya nchi nzima waweza kufanya makubwa zaidi.

Mwisho twaomba jambo dogo. Mwanachama yeyote aliye na karatasi ya kulipa bima, au hati ya bima asiyoielewa, au habari ya mtu aliyeumia akanyamazishwa kwa fedha za dawa, ailete ofisini kabla ya mkutano wa tawi. Tutaziweka pamoja, tutaziandika, na tutawapelekea Mamlaka na Chuo tukiwaambia kwamba huu ndio utafiti wa Barani, umefanywa na wenyewe wanaoulipia.

Umoja ni nguvu.